Bill Wilson: Mlevi aliyemtafuta mlevi mwenzake, akafungua njia kwa mamilioni

Na Mwandishi Wetu

JUMAMOSI ya Mei 11, 1935, mwanaume mmoja mrefu na mwembamba alikuwa akitembea huku na huko katika ukumbi wa Hoteli ya Mayflower, mjini Akron, jimbo la Ohio nchini Marekani. Mfukoni alikuwa na dola zipatazo 10. Biashara iliyompeleka mjini humo ilikuwa imeharibika, wenzake walikwisha kurejea New York, naye alibaki peke yake ugenini mwisho wa wiki.

Upande mmoja wa ukumbi ule kulikuwa na baa. Vicheko vya wanywaji vilimfikia alipokuwa akipita. Upande wa pili kulikuwa na simu, na kando yake orodha ya makanisa ya mji huo.

Mgeni mwingine angeona baa na simu tu. Lakini Bill Wilson, aliyekuwa ametimiza miezi mitano bila kugusa pombe baada ya kuinywa kwa takriban miaka 17, alijua kuwa akielekea baa hatatoka salama.

Akaiendea simu. Hakuomba fedha, daktari wala maombi. Alimweleza mchungaji aliyempata kuwa yeye ni mlevi aliyeacha pombe, na kwamba ili asirudi alikotoka alihitaji kuzungumza na mlevi mwingine.

Ombi hilo la ajabu, lililotolewa na mtu asiyejulikana na yeyote mjini humo, ndilo chimbuko la vikundi vya Alcoholics Anonymous, jina lenye maana ya walevi wasiotajwa majina yao. Vikundi hivyo leo hii vipo katika nchi zipatazo 180, zikiwamo za Afrika Mashariki.

Utoto wa upweke

William Griffith Wilson alizaliwa Novemba 26, 1895, katika kijiji cha East Dorset, jimbo la Vermont, ndani ya nyumba ya wageni iliyokuwa ikiendeshwa na familia ya baba yake. Nyumba hiyo ilikuwa na baa, na wapo wanaosema kuwa chumba alichozaliwa kilikuwa nyuma yake.

Pombe haikuwa ngeni katika ukoo wao. Babu yake mzaa baba alikuwa mlevi aliyeshindikana, hadi siku moja alipopanda mlima ulio karibu na kijiji, akashuka akisema amekutana na Mungu. Tangu siku hiyo hakunywa tena mpaka alipofariki. Mjukuu aliisikia habari hiyo tangu utotoni, ingawa miaka mingi ingepita kabla hajaielewa.

Bill alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, ndoa ya wazazi wake ilivunjika. Baba alihamia mbali kutafuta maisha, mama akaenda Boston kusomea tiba ya mifupa na viungo. Bill na dada yake, Dorothy, waliachwa kwa babu na bibi yao mzaa mama.

Mtoto huyo alikua na kiu ya kuonekana bora kuliko wengine. Babu yake alipomwambia kuwa hakuna mtu nje ya wenyeji wa asili wa Australia anayeweza kutengeneza bumerangi, silaha ya mti inayorushwa ikamrudia mrushaji, Bill alichonga na kurusha kwa miezi kadhaa hadi akafaulu. Alijifunza fidla kwa bidii ile ile, na katika shule ya sekondari ya Burr and Burton alikuwa nahodha wa timu ya mpira wa besiboli na kiongozi wa darasa.

Mwaka 1912 msichana aliyempenda, Bertha Bamford, alifariki ghafla baada ya upasuaji. Kijana huyo aliyekuwa akitamba shuleni alianguka katika huzuni nzito, akashindwa masomo na kukaa miezi mingi bila hamu ya jambo lolote. Huzuni ya aina hiyo ingemrudia mara kwa mara maishani.

Aliyemtoa katika kiza hicho ni Lois Burnham, binti wa daktari wa Brooklyn, aliyemzidi umri kwa miaka minne na ambaye familia yake ilikuwa ikija Vermont kila majira ya joto. Walifunga ndoa Januari 24, 1918, kabla ya Bill kwenda vitani.

Glasi ya kwanza

Hadi alipofikisha umri wa miaka 21, Bill hakuwa mnywaji. Alichojua kuhusu pombe kilimtosha kuiogopa.

Mwaka 1917, akiwa ofisa kijana wa jeshi mjini New Bedford, jimbo la Massachusetts, alialikwa na wenzake katika nyumba za matajiri wa mji huo. Alikuwa mtu mwenye haya, asiyejua aseme nini mbele ya watu wakubwa. Mtu mmoja akampa glasi ya kinywaji kikali kilichochanganywa na maji ya machungwa.

Haya ikamtoka, ulimi ukawa mwepesi, na kwa mara ya kwanza alijiona kuwa mtu miongoni mwa watu. Walevi wengi watakaosikia simulizi yake baadaye wangetikisa vichwa kwa kuitambua hali hiyo, kwa kuwa wengi wao walianza hivyo hivyo, wakitafuta dawa ya woga.

Alipelekwa Ufaransa na kikosi cha mizinga, na alirejea nyumbani mwaka 1919 akiwa mzima wa mwili. Aliporudi alisomea sheria Brooklyn nyakati za jioni, lakini hakuchukua shahada yake. Wakati huo pombe ilikwisha kuanza kumpangia ratiba.

Mwaka 1925 alimpakia Lois kwenye pikipiki yenye kigari cha pembeni, wakazunguka majimbo ya mashariki ya Marekani wakichunguza viwanda na makampuni. Wazo lake lilikuwa jipya kwa zama hizo: kabla ya kununua hisa, mtu akaione kwanza kampuni kwa macho yake. Taarifa zake zilipendwa na wakubwa wa soko la hisa la New York, na fedha zikaanza kumiminika.

Miaka hiyo Marekani ilikuwa imepiga marufuku pombe nchi nzima, amri iliyodumu kuanzia mwaka 1920 hadi 1933. Lakini marufuku hiyo haikumzuia Bill hata siku moja. Alikunywa katika baa za kificho na kunywa pombe ya magendo iliyopikwa majumbani, isiyo na tofauti kubwa na gongo.

Miaka ya giza

Oktoba 1929 soko la hisa liliporomoka, na Bill akaporomoka nalo. Alipata nafasi za kuinuka tena, na kila mara aliipoteza nafasi hiyo kwa ulevi. Yeye na Lois walihamia nyumba ya wazazi wa mke, namba 182 Mtaa wa Clinton, Brooklyn. Lois aliajiriwa kuuza bidhaa katika duka kubwa la Macy's, na ndiye aliyekuwa akilisha nyumba.

Bill aliiba fedha katika pochi ya mkewe. Aliandika ahadi za kuacha pombe ndani ya Biblia ya familia, akazivunja, akaziandika upya. Asubuhi alihitaji kuzimua kabla mikono haijatulia kiasi cha kushika kikombe. Lois alikuwa amepoteza mimba zote alizopata, na madaktari walimweleza kuwa hatazaa. Katika nyumba ile isiyo na mtoto, aliyehitaji kuangaliwa kama mtoto alikuwa mume.

Kati ya mwaka 1933 na 1934 alilazwa mara nne katika Hospitali ya Towns, New York, iliyokuwa ikiwatibu walevi wenye uwezo. Gharama zilibebwa na shemeji yake, aliyekuwa mume wa Dorothy. Huko alikutana na Dk. William Silkworth, daktari mpole ambaye hakuuona ulevi kama upungufu wa tabia. Kwake huo ulikuwa ugonjwa: mwili usiostahimili pombe, pamoja na akili isiyoweza kuacha kuitamani.

Maelezo hayo yalimpa Bill matumaini, maana sasa aliijua adui yake. Akatoka hospitalini, akanywa tena. Katika kiangazi cha mwaka 1934 Dk. Silkworth alimweleza Lois bila kuficha kuwa mumewe asipofungiwa mahali, atakufa au atapoteza akili katika muda mfupi.

Rafiki aliyegonga mlango

Mwishoni mwa Novemba 1934, Bill alipata ugeni wa rafiki yake wa ujana, Ebby Thacher, ambaye walikuwa wakilewa pamoja. Bill alimwekea glasi mezani, akatarajia jioni njema ya zamani. Mgeni akaikataa.

Ebby alikuwa amenusurika kufungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Waliomwombea mahakamani walikuwa watu wa Oxford Group, vuguvugu la Kikristo la wakati huo lililowataka wafuasi wake kukiri makosa yao, kuwalipa waliowadhulumu na kuwasaidia wengine. Mmoja wao, Rowland Hazard, mtoto wa familia ya kitajiri, alikuwa ametibiwa Uswisi na mwanasaikolojia mashuhuri, Carl Jung. Jung ndiye aliyemwambia kuwa kwa mlevi wa kiwango chake tiba imefika ukomo, na kwamba kilichobaki ni mageuzi ya kiroho.

Bill hakuwa mtu wa dini na hakufurahishwa na mahubiri. Lakini hakuweza kulikana alilolishuhudia: mlevi aliyekuwa katika hali mbaya kama yake alikuwa ameketi mbele yake, hajalewa. Wakati bado akibishana na nafsi yake, aliendelea kunywa kwa majuma kadhaa.

Desemba 11, 1934 alirudi Hospitali ya Towns kwa mara ya nne na ya mwisho. Siku chache baadaye, akiwa kitandani katika kukata tamaa kabisa, alimlilia Mungu ambaye hakuwa na hakika kama yupo. Kwa maelezo yake, chumba kilijaa mwanga mweupe na amani ambayo hakuwahi kuijua.

Kwa hofu kwamba amerukwa na akili, alimwita Dk. Silkworth. Daktari alimsikiliza, akamshauri akishikilie alichokipata, maana kilikuwa bora kuliko alichokuwa nacho kabla. Wapo wanaosema kuwa mwanga ule ulitokana na dawa kali alizokuwa akipewa. Kwa vyovyote vile, Bill Wilson hakunywa tena pombe maisha yake yote.

Mlevi kwa mlevi

Alitoka hospitalini akiwa na ari ya mtu aliyeokoka. Kwa miezi mitano aliwafuata walevi wa New York katika hospitali na katika nyumba za kuwahifadhi watu wasio na makazi, akawahubiria kuhusu mwanga wake. Hakuna hata mmoja aliyeacha pombe.

Alipolalamika, Lois alimkumbusha jambo ambalo hakuwa amelitazama: wao hawakupona, lakini yeye mwenyewe hakuwa amekunywa. Dk. Silkworth naye akamshauri apunguze mahubiri, aanze kwa kueleza ugonjwa wenyewe na yale yaliyomkuta.

Hayo ndiyo aliyokuwa nayo kichwani katika ukumbi wa hoteli mjini Akron. Mchungaji Walter Tunks alimpa majina kadhaa ya watu wa kupigiwa, na kupitia majina hayo Bill akamfikia Henrietta Seiberling, mkwe wa familia iliyoanzisha kampuni ya matairi ya Goodyear. Mama huyo alimfahamu mlevi anayefaa. Wao wa Oxford Group walikuwa wakimwombea.

Mlevi huyo alikuwa Dk. Robert Smith, daktari wa upasuaji mwenye umri wa miaka 55, mzaliwa wa Vermont kama Bill. Jumamosi hiyo hakuweza kuonana na mtu. Alikuwa amemletea mkewe, Anne, ua la Siku ya Mama, kisha yeye mwenyewe akazimika kwa ulevi.

Walikutana kesho yake, saa 11 jioni, nyumbani kwa mama Seiberling. Dk. Bob, kama alivyokuja kujulikana, alimwambia mkewe njiani kuwa atakaa dakika 15 tu. Alikwisha kuwasikiliza madaktari, wachungaji na ndugu, wala hakuhitaji mtu mwingine wa kumweleza ubaya wa pombe.

Mgeni wake hakumweleza ubaya wa pombe. Alimsimulia habari zake mwenyewe: chupa zilizofichwa, ahadi zilizovunjwa, mikono inayotetemeka, aibu ya asubuhi. Alimweleza pia kuwa hakuja kumwokoa, bali amekuja kwa sababu yeye mwenyewe anahitaji msaada. Dakika 15 zikawa zaidi ya saa tano.

Mwezi mmoja baadaye Dk. Bob alisafiri kwenda mkutano wa madaktari, akarudi amelewa. Alikuwa na upasuaji wa kufanya, na asubuhi ya siku hiyo Bill alimpa chupa moja ya bia ili mikono itulie. Ilikuwa ya mwisho. Siku hiyo, inayokumbukwa kuwa Juni 10, 1935, ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa Alcoholics Anonymous.

Siku chache baadaye wawili hao walikwenda katika Hospitali ya Akron City, wakaketi kando ya kitanda cha wakili mmoja aliyekuwa amelazwa kwa ulevi mara nyingi. Huyo akawa wa tatu.

Jumanne za Mtaa wa Clinton

Bill aliporejea New York alianza kuwakusanya walevi nyumbani kwake kila Jumanne jioni. Hapakuwa na daftari la mahudhurio wala kiingilio. Watu walikunywa kahawa, mmoja baada ya mwingine akaeleza alivyokuwa, yaliyotokea na alivyo sasa.

Utaratibu huo, kwa sehemu kubwa, ndio unaofuatwa hadi leo. Mgeni anayeingia kwa mara ya kwanza haulizwi cheo, dini wala ukoo. Anatosha kwa jina lake la kwanza, na akitaka kukaa kimya hakuna atakayemlazimisha kuzungumza. Sharti la kujiunga ni moja tu: awe na nia ya kuacha pombe. Kikapu hupitishwa kwa ajili ya kodi ya chumba na kahawa, na asiye nacho hupita bila kudaiwa.

Anayezungumza hakatizwi. Wengine hawamshauri wala hawamhukumu, huzungumza kila mtu kwa zamu yake kuhusu nafsi yake. Kwa mgeni aliyezoea kufokewa nyumbani na kazini, mara nyingi hilo ndilo linalomshangaza kwanza. Baadaye huchagua mlezi, yaani mwanachama wa siku nyingi ambaye anaweza kumpigia simu hata usiku wa manane anapoona tamaa ya kunywa imemzidi.

Si kila kitu kilikwenda vizuri. Bill na Lois waliwaruhusu baadhi ya walevi kuishi katika nyumba ile ya Mtaa wa Clinton. Waliopona kwa njia hiyo walikuwa wachache mno. Wengine walikunywa ndani ya nyumba, na mmoja alijiua humo humo wenyeji wakiwa safarini.

Lois mwenyewe alikuwa na jeraha ambalo hakuna aliyeliona. Kwa miaka 17 alikuwa ameomba mumewe aache pombe. Mume akaacha, lakini walioonekana kumponya walikuwa watu wengine, na jioni zake zote sasa zilikuwa zao. Siku moja Bill alipomharakisha kwenda mkutanoni, Lois alimrushia kiatu. Hasira ile ilimshtua mwenyewe, akaanza kutafakari kuwa ulevi humwacha na ugonjwa hata yule asiyekunywa. Mwaka 1951 alishiriki kuanzisha Al-Anon, vikundi vya ndugu na wenzi wa walevi.

Mwaka 1939 aliingia katika mkutano wa Mtaa wa Clinton mwanamke mmoja wa tabaka la juu, Marty Mann, ambaye alikuwa akitibiwa katika hospitali binafsi na kupewa na daktari wake mswada wa kitabu cha kundi hilo. Siku ya kwanza aliogopa kushuka kwenda walikokuwa wenzake, hadi Lois alipompandia na kumwita. Wakati huo wengi waliamini kuwa mwanamke wa heshima hawezi kuwa mlevi. Marty Mann akawa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kupona, na alitumia maisha yake yaliyobaki kuielimisha Marekani kuwa ulevi ni ugonjwa.

Kitabu na hatua 12

Mwishoni mwa mwaka 1937 Bill na Dk. Bob walihesabu watu wapatao 40 waliokuwa wameacha pombe kwa kipindi cha kutosha. Waliona njia yao inafanya kazi, lakini kwa mwendo wa mdomo kwa mdomo ingewafikia wachache.

Ndipo Bill alipoanza kuandika kitabu. Desemba 1938, akiwa amelala kitandani na karatasi mkononi, aliandika kwa muda usiozidi saa moja hatua 12 za kupona. Mlevi anakubali kuwa pombe imemshinda, anatafuta msaada wa nguvu iliyo juu yake, anayakiri makosa yake mbele ya mtu mwingine, anawalipa aliowakosea pale inapowezekana, kisha anawapelekea wengine ujumbe huo.

Mjadala ulizuka. Baadhi ya wanachama walitaka kitabu cha Kikristo waziwazi, wengine hawakutaka kabisa kusikia habari za Mungu. Bill alitafuta njia ya kati: kila mtu angemwelewa Mungu kwa namna yake. Uamuzi huo ndio uliofanya baadaye Waislamu, Wahindu, Wabudha na wasioamini waweze kuketi katika chumba kimoja na Wakristo.

Kitabu kilitoka Aprili 1939 kikiwa na jina la Alcoholics Anonymous, nalo likawa jina la kundi lenyewe. Kilichapwa katika karatasi nene ili mnunuzi wa dola 3.50 aone amepata thamani ya fedha yake. Hakikununuliwa. Mwezi huo huo Bill na Lois walipoteza nyumba ya Mtaa wa Clinton kwa deni la benki, wakatangatanga kwa marafiki kwa takriban miaka miwili.

Mambo yalibadilika Machi 1, 1941, jarida la Saturday Evening Post lilipochapisha makala kuhusu kundi hilo. Mwandishi wake, Jack Alexander, alikwenda akiamini atafichua utapeli, akarudi ameshawishika. Barua zilimiminika kwa maelfu. Wanachama waliokuwa kama 2,000 mwanzoni mwa mwaka walifikia 8,000 ulipomalizika.

Kukataa fedha na sifa

Katika miaka ya shida, Charles Towns, mmiliki wa hospitali alikopona, alimpa Bill nafasi ya kazi yenye ofisi na kipato kizuri. Bill alirudi nyumbani akifurahi. Wenzake wa Jumanne walimsikiliza, kisha wakampinga: akilipwa kwa kazi hii, mlevi atakayekuja kwake atakuwa mteja, si mwenzake. Lois alikuwa bado akisimama dukani kutwa nzima. Bill akaikataa kazi.

Tajiri John D. Rockefeller Mdogo naye aliguswa na habari zao. Lakini badala ya kutoa kitita walichokitarajia, alitoa dola 5,000 mwaka 1938, akiamini kuwa fedha nyingi zingeliharibu jambo lenyewe. Wakati huo waliumia. Baadaye waliiona busara yake.

Mafunzo hayo ndiyo yaliyozaa Desturi 12, zilizochapishwa mwaka 1946 na kupitishwa mjini Cleveland mwaka 1950. Kundi halipokei fedha kutoka nje, halimiliki mali kubwa, haliungi mkono chama wala dini, na hakuna kiongozi anayewatawala wengine. Mwanachama hajitangazi kwa jina kamili magazetini.

Dk. Bob alifariki Novemba 16, 1950, akiwa amewahudumia bila malipo walevi wapatao 5,000 pamoja na mtawa wa Kikatoliki, Sista Ignatia, katika Hospitali ya St. Thomas mjini Akron. Miaka mitano baadaye, mjini St. Louis, Bill aliukabidhi uongozi kwa baraza la wajumbe waliochaguliwa. Mwaka 1954 alikuwa amekataa shahada ya heshima ya Chuo Kikuu cha Yale. Alikataa pia picha yake kuwekwa kwenye jalada la jarida la Time.

Hakuwa malaika

Waliomfahamu kwa karibu hawakuficha udhaifu wake. Kuanzia mwaka 1944 alisumbuliwa na sonona kwa takriban miaka 11, wakati mwingine akashindwa kuinuka kitandani huku maelfu wakimshukuru kwa kupona kwao. Alikuwa na uhusiano na wanawake nje ya ndoa, na katika wasia wake mmoja wao alipewa sehemu ya mapato ya vitabu vyake.

Mwaka 1956 alijaribu dawa ya LSD chini ya usimamizi wa madaktari, wakati huo ikiwa haijapigwa marufuku, akidhani ingeweza kuwasaidia walevi sugu. Wanachama wengi walikasirika, na jambo hilo linabishaniwa hadi leo.

Hata Ebby Thacher, rafiki aliyemgongea mlango mwaka 1934, alirudia pombe mara nyingi. Bill hakumtupa. Aliendelea kumwita mlezi wake na kumsaidia hadi Ebby alipofariki mwaka 1966, akiwa hanywi.

Njia yenyewe pia haijakosa wakosoaji. Wapo wanaoona ina harufu ya dini, na wapo waliohudhuria wasipone. Hata hivyo, mwaka 2020 wanasayansi wa mtandao wa Cochrane walipitia tafiti 27 zilizohusisha watu zaidi ya 10,000, wakahitimisha kuwa programu za kuwaunganisha wagonjwa na vikundi hivi, zinapotolewa kwa mpangilio maalumu, huwasaidia watu wengi zaidi kukaa bila pombe kabisa kuliko baadhi ya tiba nyingine zinazotambulika.

Siku za mwisho

Pombe aliiacha, lakini sigara zilimshinda. Mapafu yaliharibika, na katika miaka yake ya mwisho alihitaji mashine ya oksijeni ili apumue. Kumbukumbu za wauguzi waliomhudumia, zilizowekwa wazi miaka mingi baadaye, zinaonyesha kuwa alipokuwa kitandani katika siku zake za mwisho aliomba whisky zaidi ya mara moja. Hakupewa.

Wapo walioona aibu habari hiyo ilipotoka. Lakini walevi wengi waliopona hawakushangaa. Walikwisha kufundishwa, na Bill mwenyewe, kuwa ugonjwa huu hauishi, bali hutulizwa siku moja baada ya nyingine, na kwamba mtu akiachwa peke yake humrudia hata baada ya miaka 36.

Bill Wilson alifariki mjini Miami Januari 24, 1971, siku aliyotimiza miaka 53 ya ndoa na Lois. Alikuwa na umri wa miaka 75. Ni baada ya kifo chake ndipo magazeti yalipoandika kwa upana jina lake kamili, maana kwa wengi alikuwa Bill W. tu. Lois aliishi hadi mwaka 1988.

Amezikwa East Dorset, chini ya milima aliyokulia. Jiwe la kaburi lake ni la kawaida, la mwanajeshi wa zamani, na halitaji popote kuwa aliyelala hapo alianzisha jambo lolote. Wageni wanaolifahamu huacha juu yake sarafu ndogo ambazo wanachama hupeana kuadhimisha mwezi wa kwanza, mwaka wa kwanza, au mwaka wa ishirini bila pombe.